Chuo kidogo, mji wa mbali: Tuamue kwa elimu, si kwa dhana

KILA mwaka dirisha la udahili wa vyuo linapofunguliwa, napata wageni. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam, na jioni nafundisha madrasa, kwa hiyo wazazi huniletea yote mawili, la dunia na la akhera. Swali linalorudi kuliko mengine ni hili: kijana amepata nafasi, lakini chuo chenyewe ni kidogo, mtaani hakuna anayekijua, na kipo mkoa ambao hatuna ndugu wala jamaa. Aende au abaki?

Nimelijibu swali hili mara nyingi barazani na baada ya swala. Safari hii nimeona nilijibu gazetini, kwa sababu naona Waislamu wa mijini tunakosea kwa namna mbili zinazopingana, na zote mbili zinatugharimu. Namna ya kwanza ni kukataa kwa hofu. Tunasikia jina la mji tusioujua, tunasema huko ni baridi, huko hakuna Waislamu, mtoto atapotea, basi nafasi inaondoka. Namna ya pili ni kukubali kwa macho. Tunaona bango kubwa barabarani, jengo lenye vioo na kaunta yenye binti mchangamfu, tunalipa ada siku hiyo hiyo kwa sababu chuo kiko mjini na mtoto atarudi kulala nyumbani.

Ndugu msomaji, anayekataa na anayekubali hapo wote wameamua kwa dhana. Sura ya Al-Hujurat inatutahadharisha na wingi wa dhana, na sura hiyo hiyo inatuamrisha kuhakiki habari kabla ya kuzifanyia kazi. Sisi tunalisoma agizo hilo tunapozungumzia fitina na uvumi, lakini tunalisahau linapokuja suala la miaka mitatu ya maisha ya mtoto wetu.

Udogo wa chuo si aibu

Tuanze na neno hili “kidogo”. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho leo mzazi akitajiwa anatabasamu, kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria, ndani ya jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Mlimani walihamia mwaka 1964. Makerere nayo ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa 14 pia.

Kwa upande wa Waislamu, mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore, Pakistan, mwaka 1974 uliazimia vianzishwe vyuo vikuu viwili vya Kiislamu barani Afrika, kimoja Niger na kingine Uganda. Kile cha Uganda kilifunguliwa Februari 1988 katika mji wa Mbale, mashariki ya nchi hiyo, chini ya Mlima Elgon, kikiwa na wanafunzi 80. Fikiria kijana wa Kitanzania au wa Kenya aliyeambiwa mwaka ule aende Mbale. Chuo hakina jina, mji haujui, nchi si yake. Leo waliosoma pale ni walimu, wanasheria na watumishi wa umma katika nchi zote za ukanda huu.

Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, na wapo waliokicheka. Na kabla ya vyote hivyo, zaidi ya miaka 100 iliyopita, Riyadha ya Habib Saleh katika kisiwa cha Lamu ilikuwa ikipokea wanafunzi kutoka kila pembe ya pwani yetu, wengine wakivuka bahari, na Lamu si mji mkubwa.

Basi udogo peke yake haukuambii lolote. Katika chuo kidogo mkufunzi anakujua kwa jina, na usipoonekana darasani siku mbili anauliza. Lakini hicho hicho chuo kidogo, mkufunzi mmoja akiondoka somo zima linaweza kusimama. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kama hao wachache waliopo wanatosha kwa kazi inayofundishwa.

Kwanza hakiki kama kinatambulika

Kabla hujauliza baridi wala msikiti, uliza hili. Vyuo vya kati, vinavyotoa astashahada na stashahada, vipo chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET, ambalo wengi wetu tulilizoea kwa jina la NACTE. Vyuo vikuu vipo chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kila chuo halali kina namba ya usajili, na kila mwaka mamlaka hizi hutoa mwongozo wa udahili unaoonyesha vyuo, kozi, sifa za kujiunga, nafasi na ada. Usisome tangazo la chuo kuhusu chuo hicho hicho. Soma orodha ya Baraza au ya Tume.

Hapa kuna jambo wazazi wengi hawalijui. Chuo kusajiliwa ni kitu kimoja, na kozi kuruhusiwa kufundishwa ni kitu kingine. Julai 2017 TCU ilizuia vyuo vikuu 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/18. Wengi tunaikumbuka habari hiyo. Tunachosahau ni kwamba siku hiyo hiyo ilizuia pia kozi 75 katika vyuo vingine 22, ambavyo vyenyewe viliachwa viendelee na kozi zake nyingine. Mwanafunzi aliyeuliza tu “chuo hiki kimesajiliwa?” angejibiwa ndiyo, na jibu lingekuwa la kweli, lakini lisingemfaa kitu.

Nina kijana niliyemfundisha, mwana wa jirani. Alisoma miaka miwili katika chuo cha hapa mjini, ghorofani, kiyoyozi kinapuliza. Alipotaka kuendelea na shahada akatakiwa alete namba ya uhakiki wa tuzo, ile AVN inayotolewa na Baraza kwa wenye stashahada. Hakuipata, kwa sababu kozi yake haikuwa imeidhinishwa kwa ngazi aliyosomea. Chuo kilikuwa karibu na nyumbani na mama yake alimwona kila jioni. Ada ya miaka miwili ilikwenda, na miaka miwili yenyewe ikaenda nayo.

Kwa hiyo uliza mambo matatu kwa mpigo. Chuo kimesajiliwa? Kozi hii imeidhinishwa, na mpaka ngazi ya ngapi? Stashahada ni ngazi ya 6, na chuo kilichoruhusiwa ngazi ya 4 na ya 5 hakiwezi kukupa stashahada kwa ahadi ya mdomo. Tatu, bodi ya taaluma husika inawatambua wahitimu wake? Muuguzi, kwa mfano, hafanyi kazi kwa cheti cha chuo peke yake, bali kwa leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Na wazazi tuliowapeleka watoto shule za Kiislamu tujue hili mapema: sifa za kujiunga na stashahada ya uuguzi zinahitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Alama nzuri ya Maarifa ya Uislamu ni heri kwa mwenye nayo, lakini haihesabiki hapo.

Swali la mama

Sasa nieleze kisa cha ndani ya nyumba yetu, kwa sababu ndimo nilimojifunza mpangilio wa maswali haya. Binti wa marehemu kaka yangu alimaliza kidato cha nne, akaomba uuguzi na ukunga, akapangiwa chuo kidogo mkoani Njombe. Chuo chenyewe ni cha taasisi ya kanisa, kama vilivyo vyuo vingi vya afya vya Nyanda za Juu Kusini. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 700. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika huko ila dereva mmoja wa malori.

Kikao cha familia kikagawanyika. Mjomba mmoja alijitolea kulipa ada ya kozi ya kompyuta hapa Kariakoo, binti abaki amwangalie mama yake ambaye ana kisukari. Shangazi akasema mtoto wa kike hapelekwi kwenye baridi na makanisa. Mama mtu alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza swali moja:

“Shemeji, mwanangu akipatwa na umauti huko, atamuosha nani?”

Hakuna aliyecheka, wala sikuona la kulijibu pale kikaoni. Lile lilikuwa swali la mama anayejua kuwa Mwislamu haishi peke yake na hazikwi peke yake. Nikamwambia, “Shemeji, nipe siku nne. Nitakwenda kuuliza, nije na jibu.”

Nitasema pia nilichomwambia shangazi, kwa sababu kinatuhusu sote. Tunalalamika wake zetu wakienda kujifungua wanahudumiwa na wanaume. Tunalalamika mgonjwa wa Kiislamu akiwa katika sakaratul-mauti hakuna wa kumlakinisha shahada. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini vyuo vya afya vya Waislamu bado ni vichache, na binti zetu wakipata nafasi kwingine tunawazuia. Basi huyo mkunga wa Kiislamu tunayemtaka wodini atasomea wapi?

Nenda ukaone kwa macho yako

Nilipanda basi alfajiri Kituo cha Magufuli, Mbezi. Morogoro, Mikumi, mlima Kitonga, Iringa, Mafinga, mpaka Makambako, ndipo unaiacha barabara ya Mbeya na kushika ya Songea. Nilifika usiku na nikajua kuwa baridi ya Njombe si hadithi. Sweta na blanketi zito viingie kwenye bajeti, hasa kwa miezi ya Juni na Julai.

Ushauri wangu kwa mzazi ni kwamba usiende siku ya mahafali wala siku ya kukaribisha wageni. Nenda siku ya kawaida ya masomo, na siku hiyo angalia mambo haya.

Angalia darasa saa ya kipindi, kama mkufunzi yumo. Uliza kila somo lina mkufunzi wa kudumu, au kuna anayekuja mara moja kwa wiki kutoka hospitali. Omba kuona chumba cha mafunzo kwa vitendo, na utazame kama vifaa vinatumika au vimefungwa kabatini vina vumbi. Kwa kozi ya afya, uliza mazoezi yanafanyika hospitali gani na ni wanafunzi wangapi wanaoingia wodi moja kwa zamu moja. Hapa ndipo chuo kidogo kinaweza kukishinda kikubwa. Pale nilipokwenda niliwakuta wanafunzi wanne na muuguzi mmoja kwenye wodi ya wazazi, na kila mmoja alikuwa na kazi mkononi. Maktaba ilikuwa ndogo na vitabu vichache vilikuwa vya zamani. Niliyaandika yote mawili.

Kisha zungumza na wanafunzi wa mwaka wa pili, mkuu wa chuo asiwepo. Wa mwaka wa kwanza bado ana matumaini, na wa mwaka wa mwisho anataka kuondoka. Wa mwaka wa pili ndiye atakayekwambia maji yanakatika lini, umeme ukikatika wanasomaje, hosteli ya wasichana inafungwa saa ngapi na nani mwenye ufunguo. Suala la hosteli usilipite haraka. Chuo kisichokuwa na bweni humlazimisha binti kupanga chumba mtaani, na yanayotokea kwenye mageto tunayajua. Wengi wanaoharibikiwa hawakuharibiwa na darasa, bali na chumba cha kupanga.

Mambo ya dini yaulizwe mezani

Hapa Waislamu tuna tabia ya ama kugomba kabla hatujauliza, ama kunyamaza mpaka tatizo litokee. Yote mawili hayamsaidii mtoto. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kuabudu. Haki hiyo ipo, lakini mtoto wa miaka 18 asiachwe aidai peke yake usiku bwenini. Mzazi aizungumze mapema, kwa adabu, na mkuu wa chuo, na apate jibu la maandishi.

Mimi niliuliza mambo matano. La kwanza ni mavazi. Nilijibiwa kuwa ushungi mweupe unaofunika nywele na shingo unaruhusiwa na sare, ncha zake zichomekwe ndani ya gauni. Mikono mirefu inaruhusiwa pia, ila hukunjwa wakati wa kuosha mikono na kuhudumia kidonda. Hilo ni sharti la usafi wa tiba na linawahusu wote. La pili ni swala. Hakukuwa na chumba maalumu, lakini wasichana wa Kiislamu, ambao walikuwa saba, walikuwa wakiswali bwenini, na zamu za wodini zina mapumziko ndani ya wakati wa Adhuhuri. La tatu ni ibada ya asubuhi ya chuo. Nikauliza wazi kama ni lazima kwa wote. Mkuu wa chuo, mama mtu mzima, akaniambia wasiokuwa Wakristo huingia baada ya ibada, wakati wa matangazo.

La nne ni chakula. Mzazi usione haya kwenda jikoni. Uliza nyama inachinjwa na nani, uliza kama nguruwe anapikwa na kwa sufuria zipi. Mpishi aliniambia bwalo halipiki nguruwe, na nyama hununuliwa bucha ya sokoni. La tano ni Ramadhani. Kama bwenini hairuhusiwi kupika, je, chakula cha daku kinahifadhiwa wapi? Kwa kijana wa kiume ningeongeza la sita, ambalo ni ratiba ya Ijumaa mchana.

Nilimwomba mkuu wa chuo aandike yale ya mavazi na ibada. Aliandika, akagonga muhuri. Barua ile ilimtuliza mama wa binti kuliko maneno yangu yote.

Wenyeji wako ni kina nani?

Baada ya chuo nilikwenda msikitini, nikaswali Laasiri, nikamtafuta imamu. Tuliozaliwa pwani tuna ugonjwa wa kudhani Uislamu unaishia Morogoro. Tunasahau kuwa Ujiji, Tabora na Kondoa ni miji ya Waislamu tangu enzi za misafara. Ni kweli kuwa Njombe si Tabora, na Waislamu ni wachache. Lakini wachache wana jambo moja sisi wa mjini tumelipoteza, nalo ni kujuana. Imamu aliwataja kwa majina Waislamu wanaosoma pale chuoni, na mke wake huwafuturisha Ramadhani.

Nikamfikishia swali la shemeji yangu kama lilivyo. Mzee yule akainamisha kichwa, akasema: “Mwambie mama huyo, hapa tuna makaburi yetu na tuna akina mama wanaoosha. Hakuna Mwislamu aliyefia hapa tukamwacha.” Akanipa namba ya simu ya mkewe.

Basi hili liwe sharti kwa kila mzazi: mtoto asiende mji wa ugeni bila angalau nyumba moja ya Waislamu inayojua kuwa amefika. Msikiti wa karibu, walimu wa shule za jirani na jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu kama TAMSYA ndio milango ya kuanzia. Kuhusu safari ya mwanamke bila maharimu, wanazuoni wana maelezo yao na tofauti zao, na kila mmoja amuulize sheikh anayemuamini. Sisi tuliamua kuwa atasindikizwa na mmoja wetu kila anapokwenda na anaporudi, na gharama hiyo tukaihesabu.

Hesabu gharama zote

Ada iliyoandikwa kwenye mwongozo ni sehemu tu ya hesabu. Chukua karatasi, andika: ada, bweni, chakula, sare, vifaa vya mazoezi, bima ya afya, michango ya mitihani. Kisha nauli. Likizo mbili kwa mwaka ni safari nne, na kwa miaka mitatu ni safari 12. Kama kuna msindikizaji, naye anakwenda na kurudi, kwa hiyo zidisha. Weka na fedha ya dharura, kwa maana mtoto akiugua huwezi kumfuata kwa daladala.

Halafu linganisha kwa haki na kubaki mjini. Nauli ya kila siku, chakula cha mchana, na kodi ya chumba kama chuo kiko mbali na nyumbani. Mara nyingi mji mdogo ni nafuu kwa mwezi na ghali kwa safari. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Serikali ilianza kutoa mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada, zikiwemo za afya, hivyo uliza masharti ya mwaka husika uyasome kabla ya kusaini. Na kama hesabu haikubali, semeni ukweli mapema. Kumtoa mtoto chuoni mwaka wa pili kwa kukosa ada ni hasara kubwa kuliko kusubiri mwaka mmoja ukiweka akiba.

Gharama nyingine haiandikwi kwenye mwongozo wowote. Kwetu sisi ilikuwa mama mgonjwa. Haki ya mzazi si jambo la kupita juu kwa juu. Tulikaa tukagawana: nani atampeleka kliniki, nani atalala kwake. Mjomba aliyetaka kulipia kompyuta akakubali fedha ile ile iende kwenye dawa na nauli. Kama tusingepata wa kukaa na mama, nakiri kuwa jibu lingeweza kuwa lingine, na lingekuwa jibu la halali kabisa.

Mashauriano, istikhara, kisha azma

Aya ya 159 ya Surat Aal-Imran inatupa mpangilio: mashauriano, kisha azma, kisha kumtegemea Allah. Sisi aghalabu tunaanzia mwisho. Tunasema “tunamwachia Mungu” wakati hatujauliza hata namba ya usajili.

Istikhara nayo imeeleweka vibaya. Hadithi yake imepokewa na Jabir bin Abdillah (Radhi za Allah ziwe juu yake), na ipo katika Sahih Bukhari. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi na dua inayojulikana, ambayo mja anamuomba Mola wake amrahisishie jambo kama lina kheri naye, na amuepushe nalo kama lina shari, kisha amridhishe. Hadithi hiyo haikutaja ndoto. Kijana anayekaa wiki tatu akisubiri kuota rangi nyeupe wakati siku ya mwisho ya kuthibitisha udahili inapita, hajafanya istikhara, bali ameahirisha. Swali, omba, chukua hatua, na utazame mlango unafunguka au unafungwa.

Huyo huyo Jabir ndiye aliyesafiri mwendo wa mwezi mzima mpaka Sham kwenda kwa Abdullah bin Unays kwa ajili ya hadithi moja tu. Wengi hupenda kutaja kauli ya kutafuta elimu hata China, ambayo wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha. Hatuihitaji. Safari ya Jabir inatosha, na ina somo zaidi: hakwenda kubahatisha. Alijua anamfuata nani na anafuata nini.

Binti yetu mwenyewe ndiye aliyesema neno la mwisho, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana ndiye atakayeamka kwenye ile baridi. Aliisoma karatasi yangu yenye mazuri na mabaya, akaswali, siku ya pili yake akaniambia: “Baba mdogo, maktaba ndogo nitaivumilia. Mama akikubali, nakwenda.” Mama yake akampa radhi. Sasa yupo mwaka wa pili. Yapo magumu. Zamu za usiku zinamchosha, na Alfajiri ya Julai kutia udhu kwa maji yale ni jihadi kweli kweli. Lakini mwezi uliopita alipiga simu kusema amempokea mtoto kwa mikono yake mwenyewe, mkufunzi akiwa pembeni.

Msomaji asidhani kuwa jibu langu siku zote ni “nenda”. Mwaka huo huo nilimzuia kijana mwingine kwenda chuo kidogo cha mkoa mwingine, kilichokuwa na msikiti mzuri na uongozi wa Kiislamu, kwa sababu kozi aliyoitaka haikuwemo kwenye orodha ya Baraza. Baba yake alikasirika akidhani napiga vita taasisi za Waislamu. Nikamwambia: mzee wangu, kuswali pamoja hakumpi mtoto leseni. Kwanza kozi iidhinishwe, kisha nitakuja mwenyewe kuwachangisha watu.

Kwa hiyo, ewe mzazi na ewe kijana uliye na barua ya udahili mkononi, usiulize chuo kikubwa au kidogo, karibu au mbali. Uliza kinatambulika? Kinafundisha kweli? Dini ya mtoto ina nafasi iliyoandikwa? Nani atampokea? Fedha itafika mwisho wa kozi? Nyumbani nani anabaki na mzigo wake? Ukiwa na majibu sita uliyoyahakiki, shauriana, swali rakaa zako mbili, uamue kabla ya tarehe kupita, na ukishaamua usirudi nyuma kwa maneno ya baraza.

Wabillahi tawfiq.